Kuvuka Bila Kushuka: Habari za Daraja la Tao la Chuma

Msomaji, kama umezaliwa au umesoma katika nchi iuzungukayo Mlima Kenya, huhitaji mwalimu akueleze bonde ni kitu gani. Nchi yetu ni migongo na mabonde, tena migongo na mabonde, kama mikunjo ya nguo iliyovuliwa usiku ikatupwa kitini. Mito yashuka kutoka mlimani na kutoka Nyandarua, na kila mto umejichimbia njia yake yenye kina. Mjini Nyeri upo mto Chania. Ukienda Othaya yakupasa uvuke Gura. Upande wa Karatina uko Sagana. Na ukishika njia ya Embu kwenda Meru utakutana na Thuci, na Nithi, na mingine mingi. Mgeni akisimama juu ya mgongo mmoja aona nyumba za mgongo wa pili karibu sana, hata moshi wa jikoni auona ukipaa. Lakini akianza safari ya kwenda huko, hushuka kwa muda mrefu, na kupanda kwa muda mrefu zaidi, na afikapo jasho lamtoka.

Hapo kale wazee wetu walivuka mito hii kwa magogo yaliyolazwa toka ukingo hadi ukingo, mahali maji yalipokuwa membamba. Gogo ni daraja zuri. Halidai chuma wala saruji, na watu wachache waweza kuliweka kwa siku moja. Lina kosa moja tu: ni lazima ushuke hadi mtoni ndipo ulikute.

Usidhani kwamba shauri la gogo limekwisha. Madaraja yetu mengi ya leo, ingawa ni ya saruji na yanapitisha malori, bado ni magogo kwa namna yalivyowekwa. Barabara hushuka mteremko, hupinda kona, huvuka mto pale chini ulipo mwembamba, kisha hupanda tena. Daraja la namna hiyo ni fupi, na kwa hiyo ni rahisi kwa gharama. Lakini gharama nyingine hubaki, nayo hulipwa na msafiri. Katika njia ya Embu kwenda Meru, baina ya Chuka na Chogoria, liko daraja la mto Nithi. Barabara yashuka kwa mteremko mrefu wenye kona kabla ya kulifikia, na mahali hapo pamejulikana kwa ajali kwa miaka mingi. Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria liliacha njia hapo likaanguka bondeni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Baada ya msiba huo watu wengi walitaka njia hiyo ichorwe upya.

Basi kila bonde humuuliza mjenzi swali moja: Je, utashuka ndipo uvuke, au utavuka bila kushuka? Katika insha hii nataka tulifuate jibu la pili, yaani jibu la wale walioamua kuruka kutoka jabali hadi jabali kwa tao la chuma. Tutaona kwanza tao hufanyaje kazi, kisha tutasafiri hadi mto Zambezi tukatazame tao moja mashuhuri, na mwisho tutauliza jambo ambalo vitabu vya uhandisi haviliulizi sana: daraja hilo lilijengwa kwa ajili ya nani?

Anza na jaribio dogo mezani pako. Chukua rula ya mbao, uilaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha uibonyeze katikati kwa kidole. Itapinda. Upande wake wa juu wabanwa na upande wake wa chini wavutwa, na ukizidi kubonyeza itavunjikia chini, mahali inapovutwa. Sasa vitenge vitabu mbali zaidi ujaribu tena: utaona kwamba kadiri nafasi izidivyo kuwa kubwa, ndivyo rula ipindavyo upesi. Hii ndiyo tabia ya gogo na ya boriti yoyote. Yafaa kwa mto mwembamba. Haifai kwa bonde pana, ila ukiweka nguzo katikati. Na bonde likiwa lenye kina kirefu, nguzo hizo utazisimamisha wapi?

Jaribio la pili lahitaji mwenzako. Simameni mkitazamana, hatua mbili baina yenu, kisha inamianeni mpaka viganja vyenu vikutane juu, na kila mmoja amwegemee mwenzake. Mmekuwa tao. Mwiteni mwingine aitie mikono yenu uzito kidogo pale ilipokutana. Mtaona ajabu: mzigo haupindi mikono yenu, bali hushuka mwilini na kuwasukuma miguu, nayo yataka kuteleza kwenda nje. Miguu ikiwa imezuiliwa na ukuta, mtasimama imara, na mzigo ukizidi mtazidi kukazana. Miguu ikiteleza, nyote mtakuwa chini.

Hiyo ndiyo siri ya tao, nayo ina sehemu mbili. Kwanza, tao huugeuza uzito kuwa msukumo, hata kila kipande chake chabanwa wala hakivutwi. Pili, msukumo huo haupotei: hufika miguuni, na huko lazima pawe na kitu kisichokubali kusogea. Kwa hiyo mjenzi wa tao hutafuta kwanza mwamba, kisha ndipo atafute chuma.

Watu waliijua siri hii tangu zamani. Warumi walijenga matao ya mawe miaka 2000 iliyopita, na mengine yangali yamesimama. Wala si lazima uende Rumi: katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, utaiona milango ya matao iliyojengwa na Waswahili kwa mawe ya matumbawe. Jiwe lapenda kubanwa. Likivutwa hukatika, lakini katika tao halivutwi, basi hudumu karne kwa karne.

Chuma kilikuja baadaye. Mwaka 1779 lilimalizwa huko Uingereza daraja la tao juu ya mto Severn, na hilo lilikuwa daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma. Chuma chake kilikuwa cha kumimina katika kalibu, ambacho tabia yake ni kama ya jiwe: chavumilia kubanwa, lakini kikivutwa au kikipigwa hupasuka. Mnamo mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza chuma cha pua kwa wingi na kwa bei nafuu. Chuma cha pua chastahimili kubanwa na kuvutwa pia, na tangu hapo wajenzi walipata kitu ambacho Warumi hawakuwa nacho. Mwaka 1874 daraja la matao ya chuma cha pua lilifunguliwa katika mji wa St. Louis, Marekani, juu ya mto Mississippi ambao ni mpana mno. Watu wakaanza kuamini kwamba hakuna bonde lisilorukika. Toka hapa nikisema chuma, fahamu kwamba nasema chuma cha pua.

Sasa, msomaji, twende kusini kwa mawazo. Tuiache Kenya, tuipite Tanzania, tuivuke Zambia yote mpaka mpaka wake na Zimbabwe. Hapo mto Zambezi, ambao ni mpana na mtulivu, wafika ghafula kwenye ufa wa mwamba na kuangukia ndani. Maji yaangukapo, mvuke wake hupaa juu kama wingu, huonekana toka mbali sana, na mngurumo wake husikika kabla hujauona mto. Wenyeji walipaita Mosi-oa-Tunya, maana yake ni moshi ungurumao. Nawe huhitaji kamusi kuona kwamba hiyo mosi ni ndugu wa moshi wetu. Mwaka 1855 Daktari Livingstone alifikishwa hapo na wenyeji, naye akapaita kwa jina la malkia wake, Victoria.

Watu walikuwa wakivuka Zambezi tangu kale, lakini hawakuvukia kwenye maporomoko. Walivukia juu yake, mahali mto ulipotulia, kwa mitumbwi. Wageni wa Kizungu waliokuja baadaye walifuata njia iyo hiyo, wakafanya kivuko na kijiji chao hapo. Nao wengi walikufa kwa malaria, kwa kuwa mahali palikuwa chini na penye maji mengi. Hilo lilikuwa ndilo jibu la kushuka.

Cecil Rhodes alitaka jibu jingine. Huyu alikuwa tajiri na mtawala wa Kiingereza aliyeota ndoto ya reli moja kutoka Cape Town, kusini kabisa mwa Afrika, hadi Cairo huko Misri, ikipita katika nchi zilizo chini ya Waingereza. Aliagiza kwamba reli hiyo ivuke Zambezi karibu na maporomoko, ili abiria walowe mnyunyizo wa maji wakiwa ndani ya gari la moshi. Yeye mwenyewe hakupata kuyaona maporomoko hayo kwa macho, kwani alikufa Machi 1902, kabla kazi haijaanza.

Wahandisi walipachagua mahali katika korongo lililo chini kidogo ya maporomoko. Pande zote mbili kuna majabali ya mwamba mweusi mgumu, yaliyosimama kama kuta. Kuweka nguzo chini lilikuwa jambo gumu mno, maana maji ya Zambezi, yakiisha kuanguka, hupita humo kwa nguvu na kwa kimbunga. Mtu angeweza kufikiri daraja la kuning'inia kwa kamba; lakini daraja la kuning'inia huyumba, na gari la moshi ni mzigo mzito utembeao, unaotaka njia isiyoyumba. Mwamba mgumu kulia, mwamba mgumu kushoto, na mzigo mzito katikati: ni mahali palipoumbwa kwa tao.

Aliyelichora ni George Andrew Hobson, mhandisi wa ofisi ya Sir Douglas Fox na wenzake mjini London. Tao alilolichora lina upana wa mita 156 na nusu, na daraja zima lina urefu wa mita 198. Toka njia ya reli hadi maji ya kiangazi ni mita 128 kwenda chini. Ukitaka kuelewa urefu huo, fikiri nyumba ya orofa 40 iliyosimamishwa ndani ya korongo: paa lake lingekaribia kugusa reli.

Tao hilo si kipande kimoja kilichopindwa. Ni kiunzi, yaani vyuma vingi vilivyonyoka, vimeungwa kwa misumari ya ribiti hata vikafanya pembetatu mfululizo. Wajenzi wapenda pembetatu kwa sababu ndiyo umbo pekee lisilobadilika. Ukiunga vijiti vinne kwa misumari vikawa mraba, waweza kuusukuma ukalala upande. Ukiunga vitatu, huwezi. Chini kabisa, tao limekanyaga miamba ya pande mbili juu ya pini nene za chuma, mfano wa kiungo cha goti. Kwa nini pini? Kwa sababu chuma hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Jua la Zambezi likiwaka, tao huinuka kidogo. Usiku ukiingia hushuka. Kama miguu ingefungwa isigeuke kabisa, chuma kingeumia kila siku. Mjenzi amekiachia chuma nafasi ya kupumua.

Vyuma vyote vilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Cleveland Bridge ya mji wa Darlington. Vilipakiwa melini hadi bandari ya Beira katika Msumbiji, kisha vikachukuliwa kwa reli hadi ukingoni mwa korongo, ambako reli ilifika mwaka 1904. Aliyesimamia kazi hapo mahali alikuwa mhandisi Mfaransa, Georges Imbault.

Lakini jinsi gani mtu hujenga tao pasipo kitu chini cha kulishikilia? Tao la mawe hujengwa juu ya jukwaa la mbao, na jukwaa huondolewa baadaye. Katika korongo lile jukwaa halikuwezekana. Kwanza wajenzi walirusha uzi kwa fataki ukavuka hadi ng'ambo. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta kamba nene zaidi, mpaka mwisho ikanyoshwa kamba kuu ya chuma iliyoweza kubeba mizigo ya tani kadhaa hewani. Ndipo wakaanza kujenga pande zote mbili kwa pamoja. Kila nusu ya tao ilitokeza kutoka kwenye jabali lake kama mkono ulionyoshwa juu ya shimo, na ili mkono huo usianguke, ulifungwa nyuma kwa kamba za chuma zilizozamishwa katika mwamba. Chini yao ulitandazwa wavu wa kuwadaka watu na vyombo. Kipande kwa kipande, mikono ile miwili ikakaribiana.

Siku ya kuiunganisha ndiyo iliyoonyesha kama hesabu za London zilikuwa za kweli. Mwisho wa Machi 1905, kipande cha mwisho kilipoletwa, kilikataa kuingia: joto la mchana lilikuwa limetanua chuma, na ncha zikapitana kiasi kidogo kisichozidi upana wa vidole viwili. Wajenzi hawakukata wala hawakupiga nyundo kwa hasira. Walingoja. Usiku ukapita, chuma kikapoa na kunywea, na alfajiri ya tarehe 1 Aprili kile kipande kikaingia mahali pake sawasawa. Tangu dakika hiyo zile nusu mbili ziliacha kuvutwa nyuma na kamba, zikaanza kuegemeana. Kazi yote ya daraja ilichukua muda wa miezi 14 hivi. Tarehe 12 Septemba 1905 lilifunguliwa rasmi na Profesa George Darwin, mwana wa yule mtaalamu wa viumbe, Charles Darwin.

Hadi hapa, msomaji, nimekusimulia kama kwamba daraja ni hesabu na chuma tu. Sasa yatupasa kuuliza swali letu la mwisho. Vitabu vyatutajia Rhodes, Hobson na Imbault. Havitutajii majina ya vibarua Waafrika waliobeba mizigo, waliochimba mwamba na waliofanya kazi juu ya lile shimo. Na wenyeji waliokuwa wakivusha watu kwa mitumbwi hawakuulizwa kama walitaka reli. Reli ilikuja kuchukua madini ya kaskazini na kuyapeleka kwenye bandari za kusini. Hata kwetu mambo hayakuwa tofauti sana: reli ipitayo karibu na Nyeri, iliyofika Nanyuki mwaka 1930, ilijengwa ili kuwahudumia hasa walowezi waliopewa mashamba karibu na mlima.

Hata hivyo chuma kikiisha kusimama, hakimwulizi apitaye ametumwa na nani. Mnamo mwaka 1930 daraja la Zambezi lilipanuliwa ili magari na waendao kwa miguu wapate njia kando ya reli. Jambo kama hilo lilitendeka Uganda wakati uo huo: daraja la chuma la Jinja juu ya mto Nile, lililopitisha reli ya kwenda Kampala mwaka 1931, lilifanywa liwe na njia mbili, gari la moshi juu na motakaa chini. Wakulima, wafanya biashara na wanafunzi wakayafanya madaraja hayo kuwa yao.

Kisha daraja la Zambezi likaingia katika siasa. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964. Ng'ambo ya pili, katika nchi iliyoitwa Rhodesia, Wazungu wachache chini ya Ian Smith walijitangazia utawala wao mwaka 1965 ili Waafrika walio wengi wasishike serikali. Shaba ya Zambia, ambayo ndiyo iliyokuwa mkate wake, ilipitia juu ya lile tao, katika mikono ya adui. Ndipo Rais Kaunda na Rais Nyerere wakaamua kutafuta njia nyingine. Kwa mkopo na mafundi kutoka China, reli ya Tazara ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, yenye madaraja zaidi ya 300. Mojawapo, lile la mto Mpanga, lina nguzo ndefu za kiasi cha mita 50. Yafikiri haya, msomaji: mataifa mawili maskini yalijenga madaraja 300 ili yasilazimike kutegemea moja.

Mwaka 1973 Smith alifunga mpaka. Alipotaka kuufungua tena, Kaunda alikataa, na biashara ya Zambia haikupita tena hapo mpaka mwaka 1978. Katikati ya miaka hiyo, mwezi Agosti 1975, kilitokea kisa ambacho sijui kama daraja lingine lina mfano wake. Viongozi wa Waafrika wa Zimbabwe, akina Muzorewa, Nkomo na Sithole, walikubali kuzungumza na Smith, lakini hawakukubali kukutana naye katika Rhodesia. Naye Smith hakukubali kutoka. Basi behewa la gari la moshi lilivutwa hadi katikati ya daraja likasimamishwa juu ya mpaka. Meza iliwekwa hivi kwamba Smith na watu wake waliketi upande wa Rhodesia, na wapigania uhuru waliketi upande wa Zambia, mto ukinguruma mita 128 chini yao. Rais Kaunda na Waziri Mkuu Vorster wa Afrika ya Kusini walikuwapo kuwapatanisha.

Mazungumzo yalivunjika upesi. Smith hakukubali kwamba viongozi walio uhamishoni warudi nchini kwao bila kukamatwa. Vita viliendelea, watu maelfu wakafa, na Zimbabwe ikapata uhuru wake tarehe 18 Aprili 1980.

Kumbuka lile jaribio la viganja viwili. Tao lile lilisimama siku ile, kama lilivyosimama tangu 1905, kwa sababu majabali yake mawili yanasukumana kwa nguvu sawa na hakuna linaloteleza. Ndani ya behewa palikuwa na watu wa upande huu na watu wa upande ule, na meza katikati. Lakini upande mmoja ulikuwa haujakubali bado kwamba wa pili una haki ya kusimama hapo. Chuma kilikwisha kuunganisha kingo mbili miaka 70 kabla. Kazi iliyobaki haikuwa ya chuma.

Leo magari ya moshi, malori na waenda kwa miguu hupita juu ya daraja hilo baina ya mji wa Livingstone wa Zambia na mji wa Victoria Falls wa Zimbabwe. Tao lile lile lingali linainuka mchana na kushuka usiku. Wengi wavukao hapo wamebeba vikapu vya sokoni, wala hawamkumbuki Rhodes.

Na sisi je, watu wa migongo na mabonde? Sisemi kwamba kila mto wa Nyeri au wa Meru wahitaji tao la chuma. Mahali pengine gogo latosha, na fedha za umma si maji ya mto hata zichotwe bila hesabu. Lakini hesabu yenyewe ifanywe kwa ukamilifu. Daraja refu la juu hulipiwa mara moja, na bei yake huandikwa katika vitabu vya serikali. Daraja fupi la chini hulipiwa kila siku, na walipao ni dereva ambaye breki zimemshinda katika mteremko, mama apelekwaye hospitali kwa kuchelewa, na wale zaidi ya 30 wa Nithi. Na bei hiyo aghalabu haiandikwi popote.

Basi nakupa kazi. Siku utakayovuka tena daraja la karibu na kwenu, usilale garini. Tazama ni boriti au ni tao. Tazama barabara yashuka kiasi gani kabla ya kulifikia, na kona ni ngapi. Uliza wazee lilijengwa lini, na kabla yake watu walivukaje. Kisha simama juu ya mgongo, utazame ng'ambo kwa macho ya Hobson aliyelitazama korongo la Zambezi, ujiulize kama mwamba wa kwenu ni imara kulia na kushoto. Katika darasa lako, huenda yupo atakayeombwa siku moja kulijibu swali la bonde la Nithi. Akiwa ni wewe, wakumbuke watakaopita, nao uwaulize kabla hujachora.